Barua kwa Mwanangu Faki, Aliye Maskati

Mwanangu Faki,

Assalaam alaykum.

Sauti uliyomtumia mama yako, kwamba mwezi ujao mtaingia jangwa la Rub al-Khali kumtafuta paka wa jangwani, nimeisikiliza mpaka mama yako akaninyang'anya simu. Umeeleza gari, umeeleza kamera za kutega, umemsifu na huyo Mbedui atakayewaongoza, lakini maji hukuyataja hata mara moja.

Nimesoma habari za mnyama huyo kadiri nilivyoweza, maana sikutaka unijibu kwamba baba hajui anachokisema. Uzito wake ni kati ya kilo moja na nusu na kilo tatu na kitu, kwa hiyo hamfikii lile dume la paka lililonenepa linaloshinda pale dikoni likisubiri matumbo ya samaki. Masikio yake ni mapana, yamekaa chini pembeni mwa kichwa, na nyayo zake zimefunikwa manyoya mazito yanayomkinga na mchanga wa moto na kumsaidia asididimie. Nimeelewa pia kwamba kwa sababu ya manyoya hayo alama za miguu yake ni hafifu, na kwamba akimulikwa usiku hujilaza chini na kufumba macho, basi hata ule mng'ao wa macho hamuuoni. Wale watafiti waliowapiga picha watoto watatu wa paka hao porini, huko Moroko mwaka 2017, walikuwa wamehangaika kwa miaka. Hapo ndipo hofu yangu ilipo, mwanangu. Mtu anayetafuta kitu cha namna hiyo kila akitaka kurudi husema "mbele kidogo tu", na jangwani kidogo hicho ndicho kinachomaliza dumu.

Yeye anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa, kwa sababu maji yake huyapata katika miili ya panya, mijusi na nyoka anaowakamata, wakiwemo wale nyoka wa sumu wenye pembe. Jua likiwaka yumo shimoni, hutoka usiku kuwinda, na akimsikia panya chini ya mchanga humfukua kwa kasi. Wewe huna shimo, Faki, na biskuti hazina damu. Nataka kujua gari litabeba lita ngapi kwa kila mtu kwa siku, na maji hayo yatakaa katika vyombo vingapi, kwa maana dumu moja kubwa likitoboka limetoboka lote. Nataka kujua pia kama litakuwapo gari la pili. Usinijibu "usijali, baba". Nijibu kwa hesabu.

Mambo ya wewe kusomea uhasibu tuyaache. Nilisema niliyosema wakati ule, na hivi sasa ni mimi ninayewaeleza watu barazani kazi unayoifanya, tena kwa urefu kuliko wanavyotaka. Mzee mmoja alishikilia kwamba paka huyo ni wa Arabuni peke yake. Nikamwambia kwamba aliyeandikwa kitaalamu kwanza, mwaka 1858, alitoka Aljeria, na kwamba wengine wapo Turkmenistani na Uzbekistani, ambako majira ya baridi maji huganda. Alinyamaza, nami nilifurahi kupita kiasi. Lakini ingekuwa vyema zaidi kama habari hizo ungenipa wewe, badala ya kunitumia picha ya chakula cha mchana.

Ndugu yako wa Konde ameniomba nikwambie umletee mtoto wa paka huyo. Nimemkatalia, na nakuandikia ili asije akakupigia simu kwa mlango wa nyuma. Mkiwaona watoto peke yao shimoni msiwaguse, kwani mama yao huenda amekwenda kuwinda tu. Tena mnyama aliyeumbiwa hewa kavu, ambaye hata akifugwa na wataalamu husumbuliwa na maradhi ya mapafu, ataishi vipi katika unyevu wa Pemba, ambako chumvi yenyewe hulowa kabatini? Na kambini msichukue paka wa kufuga, hata kama mwenzenu mmoja anampenda wake. Huko Omani yupo paka-mwitu mwingine, ndugu wa karibu wa paka wa nyumbani, naye anaharibiwa kizazi kwa kupandana na paka wa mitaani. Maradhi nayo huenea kwa njia hiyohiyo. Hayo unayajua kuliko mimi, lakini nimeyaandika.

Hapa hatujambo. Karafuu za shamba la juu zimechumwa, ila mawingu yanatusumbua na majamvi tunayaingiza na kuyatoa mchana kutwa. Mama yako analalamika kwamba paka wake wawili wamegeuza majamvi hayo kitanda. Bati la jikoni bado linavuja. Pesa uliyotuma imefika, na nusu yake nimemlipa fundi, ambaye ameahidi kuja Jumamosi, kama alivyoahidi Jumamosi iliyopita. Kabla hamjaondoka Maskati, mwachie dada yako namba ya simu ya msimamizi wenu na siku mnayotarajia kutoka, kwa sababu mimi nikiiandika kwenye karatasi, mama yako huichukua karatasi hiyo akawashia moto.

Wasalaam,
Baba yako