Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mipango Miji: kabla hamjapitisha zile ghorofa za mtaani kwetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

Naandika kuhusu lile ombi la kubadili matumizi ya viwanja vitatu mtaani kwetu, kutoka makazi kwenda makazi na biashara, ambalo tumesikia linakuja kwenye kikao cha kamati yako. Nasema tumesikia maana tangazo lenyewe lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme pembeni ya saiti, karatasi moja tu, usiku mvua ikanyesha na asubuhi wino wote umeshavuja huelewi hata namba ya kiwanja, na ofisi ya mtaa hawana nakala. Bahati nzuri kijana mmoja alishaipiga picha akaitupia kwenye grupu la WhatsApp ndo wengine tukajua. Wanataka kuunganisha viwanja vyote vitatu, wapandishe apatimenti za ghorofa nane, chini fremu na baa.

Hatupingi ghorofa mheshimiwa, naomba hilo lieleweke mapema kwa sababu kila tukifungua mdomo tunaambiwa tunapinga maendeleo. Dar imejaa. Sensa ya 1978 ilikuta watu 843,090, ya 2022 ikakuta 5,383,728, sasa hao wote watalala wapi kama kila mtu anataka nyumba ya chini na ua na mwembe wake? Tukizuia huku watasogea mbele kwenye mapori yasiyo na barabara wala maji halafu serikali iwafuate huko. Kwa hiyo ghorofa zije tu. Kinachotuumiza ni kwamba maombi yanapitishwa moja moja, kila kiwanja kinaangaliwa kivyake kama vile hakina jirani, na hakuna anayekaa akajumlisha.

Mtaa wetu ni wa ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaani tulikuwa na bahati ambayo sehemu kubwa ya Dar haikuipata, mchoro upo, bikoni za mipaka zipo, barabara zimeachwa. Ila mchoro ule uliwaza nyumba moja familia moja. Bomba la maji taka hakuna, kila mtu na shimo lake, na kwa familia moja shimo linakaa miaka bila tatizo. Tayari kuna apatimenti ya ghorofa nne imejengwa chini kule karibu na daraja, ilipata kibali, na gari la kunyonya maji taka ni hela, basi mvua kubwa zikianza vyoo vinatapishwa usiku. Mfuniko unasogezwa, mpira unaelekezwa mtaroni, mtaro unapita mbele kabisa ya genge la mama anayetuuzia mchicha na nyanya. Asubuhi utamkuta anamwaga majivu, anasogeza meza, anaosha upya na maji ya ndoo anayonunua. Watoto wa shule wanaruka hapo hapo. Hiyo ni ghorofa nne tu, sasa mnaletewa nane na baa pia, na maji ya visima tunayochota sisi yako ardhini humo humo.

Na baa nayo. Sinza ilipimwa kuwa ya makazi, nenda leo usiku uone. Mwaka 2023 NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, walifungia baa kadhaa kwa ajili ya kelele, wenye baa wakalia wamepoteza mtaji, majirani nao walishakosa usingizi muda mrefu, yaani pande zote zimeumia kwa jambo ambalo lilitakiwa kuulizwa kabla laiseni haijatoka. Kwa nini tusiulize sasa hivi wakati hata msingi haujachimbwa?

Mpango kabambe wa Dar wa 1979, yaani mchoro mkuu wa jiji zima, ulizeeka jiji likiwa linakua kwa kasi ileile, miaka na miaka maamuzi yakawa ya kiwanja kimoja kimoja, na matokeo yake tunaishi nayo. Sasa hivi kuna mpango kabambe wa 2016 hadi 2036. Tunaomba ombi hili lisomwe pamoja na mpango huo, na maafisa wawaambie wajumbe ni viwanja vingapi mtaa huu vimeshabadilishwa matumizi na vingapi vinasubiri, ndipo mpige kura. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imewapa nyie mamlaka ya kutoa kibali kwa masharti, basi yatumieni hayo masharti: mfumo wa kusafisha maji taka humo humo ndani ya kiwanja, paking ndani ya uzio, baa itoke kabisa, na mtu wa halmashauri aje kukagua kabla wapangaji hawajaingia. Mwombaji akishindwa hayo asijenge nane, ajenge nne au tatu.

Tangazo lirudiwe na nakala iende ofisi ya mtaa, na mkutano uitwe Jumamosi au Jumapili kwa sababu siku za kazi watu wa huku wanatoka alfajiri kuwahi daladala wanarudi giza limeingia, ukiuitisha Jumanne saa nne utawapata wastaafu na mwenye saiti.

Wajumbe wakija kukagua tunawaomba waje mvua ikiwa imenyesha, na wasiishie kwenye barabara ya lami, washuke mpaka darajani. Tutawapokea.

Wako,
Mkazi wa mtaa, kwa niaba ya majirani