Mtaalamu wa mimea aitwe kabla ya miche

Mhariri,

Mvua zikikaribia, habari za kurejesha misitu ya miombo huwa ni za idadi ya miche: imeoteshwa mingapi, itapandwa mingapi. Mtaalamu wa ikolojia ya mimea huitwa baadaye, aje kuhesabu iliyosalia. Naomba mpangilio huo ugeuzwe.

Kazi yake ya kwanza ni kujua kilichomo ardhini. Eneo lililokatwa kwa ajili ya mkaa au kukaushia tumbaku mara nyingi bado lina visiki hai. Anapima viwanja vidogo, tuseme mita 20 kwa 20, na katika kila kimoja anahesabu visiki vinavyochipua, anaandika jina la mti na kilichouharibu: shoka, moto au ng'ombe. Visiki vikiwa vingi, kitalu cha nini? Kila kisiki kiachiwe machipukizi mawili au matatu, yaliyonyooka na yaliyoshika karibu na ardhi. Mengine yakatwe kwa kisu kikali na matawi ya chini yapogolewe. Ukiacha chipukizi moja tu, mbuzi mmoja anamaliza kazi yote. Shamba lililolimwa kwa trekta miaka mingi hadi mizizi ikang'oka, hilo ndilo la kupandwa.

Mninga huwapoteza wengi. Mche wake hukauka juu ya ardhi kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukinenepa. Mkaguzi anayepita Agosti huona kijiti kikavu, anaandika "umekufa". Afukue taratibu pembeni, akwaruze mzizi kwa ukucha. Akiona ubichi chini ya ganda, mti u hai, na hesabu irudiwe Januari.

Moto nao una kalenda yake. Wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi, hupita chini chini. Wa Septemba au Oktoba hukuta nyasi kavu kabisa na miombo ikianza kutoa majani mapya mekundu, ukaunguza machipukizi hadi kwenye kisiki. Barabara za kuzuia moto zisafishwe mapema. Na mbuga zinazotuama maji ziachiwe nyasi zake, si mahali pa miombo.

Kijana anayesomea kazi hii, iwe Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) au Chuo cha Misitu Olmotonyi, ajizoeze kuutambua mti usio na majani, kwa gamba na utomvu. Jina la kienyeji pekee halitoshi. Ukivuka wilaya, jina lile lile huweza kuwa la mti mwingine. Achukue tawi lenye ua au tunda, aligandamize kati ya magazeti ya zamani na kuyabadilisha kila siku, la sivyo litaota ukungu. Rangi ya ua aiandike papo hapo, maana hufifia.

Miradi inayoajiri kwa mkataba wa miezi sita inampa mtu huyu msimu mmoja tu. Mikataba ianzie miaka mitatu, na safari ya kwanza ya porini iwe kiangazi, kabla udongo haujajazwa kwenye kiriba hata kimoja cha miche.

Mdau wa misitu,
Tabora