Caldina Nisiloliona kwa Macho

Songea, Bombambili

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu za huku ni baridi tu. Kuku wamepunguza kutaga, mimi natembea na sweta mbili, na Baba Salma ana mafua ambayo ukimsikiliza utadhani hayajawahi kumpata binadamu mwingine. Kitenge kimefika salama, ahsante sana, ila nitakisifia barua ijayo. Leo nina jambo linaloninyima usingizi, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwandikia bila kuanza kumweleza injini ya D4 ni kitu gani.

Nataka kununua gari. Ni Toyota Caldina, bodi ile iliyotoka 2002. Lenyewe ni la 2003, rangi ya fedha, namba za usajili za herufi C, liko Dar maeneo ya Tegeta. Bei milioni sita na nusu, "maongezi yapo". Kwenda kuliona siwezi kwa sasa. Dar ni zaidi ya kilometa 900 kutoka hapa, vifaranga wako katikati ya chanjo, na banda langu ukimwachia mtu unarudi kuhesabu mizoga.

Baba Salma anasema ninunue Kirikuu, ile pikapu ndogo. Hoja yake si mbaya: kinabeba, vipuri viko kila kona, na ukikichoka unakiuza kesho yake. Lakini yeye hajawahi kupeleka mayai Peramiho kwa Kirikuu cha kukodi. Mimi nimepeleka. Spring za nyuma zimekazwa kwa ajili ya kubeba tofali, kwa hiyo kikiwa na mzigo mwepesi kinaruka. Trei za juu zinafika nzima. Za chini unakuta ute umeshapenya karatasi na trei mbili zimegandana zimekuwa kitu kimoja. Mvua ikinyesha ni turubai na dua. Ninachotaka mimi ni gari la nyumbani lenye tumbo refu: siti za nyuma nazilaza, natandika kipande cha godoro, trei zinakaa chini ya paa, na siku ya harusi nazisimamisha siti tunaingia watu watano tukashuka bila vumbi la kufutana.

Utaniuliza kwa nini si Probox. Kwa sababu Probox haishuki bei, Mwanaidi. Watu wa michomoko, zile teksi za abiria wa kuchangia, wameishikilia. Hata ikiwa imechoka, mlango unafungwa kwa kamba, mwenyewe anakutajia bei kama anauza kiwanja. Caldina limeshuka kwa sababu mafundi wamelitangaza vibaya, na sababu yao ni D4. Unakumbuka pale kaunta ya duka la vipuri Gerezani, mtu akija kuulizia pampu ya presha ya D4 tulikuwa tunatazamana kwanza ndipo tumtajie bei. Mimi nikasema, penye sifa mbaya namna hii huenda pana nafuu ya mtu mwenye pesa kidogo.

Bodi hii, ukiacha ile ya turbo ambayo si ya wauza mayai, unaikuta na injini mbili. Kuna 1ZZ ya 1.8, hii inakula oili, lakini inakula ukiiona: unachomoa kijiti, unaongeza, unaendelea na safari. Halafu kuna 1AZ-FSE ya 2.0, ndiyo D4 yenyewe. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, pampu ya presha inadai mafuta masafi ambayo huku kwetu ni bahati, na masizi yanajaa kwenye njia ya hewa kwa kuwa hakuna petroli inayopita pale kuyaosha. Na zile bolti za silinda hedi za upande wa nyuma ndizo zilizowaliza wengi. Bloku ni ya alumini, nyuzi zinang'oka, hedi inaachia kidogo tu, maji yanapungua kila siku na ukichungulia chini huoni tone. Siku unayojua ni siku linapochemsha.

Tangazo lenyewe ungeweza kuliandika wewe. "Injini safi haijawahi kufunguliwa, AC inapiga, haidaiwi, ingia endesha. Kilometa 98,000." Picha zote zimepigwa likiwa limetoka kuoshwa, matone bado yako kwenye boneti. Ila katika picha moja aliyepiga alitaka kuonyesha mazulia mapya ya miguuni, akainasa na pedali ya breki. Mpira wake umelika upande wa kulia mpaka chuma kinang'aa. Kilometa 98,000 hazili mpira namna ile. Gari la 2003, hata kama Japani lilitumika kwa adabu, lilishuka bandarini likiwa tayari na kilometa za kutosha, na tangu lipewe namba C limekuwa likipanda na kushuka barabara ya Bagamoyo kila siku ya Mungu. Hilo halikunitisha. Kurudisha mita ni mchezo wa kila mtu. Nililiweka tu kwenye hesabu ya kushusha bei.

Kilichokuwa kinanihangaisha ni namna ya kumpima mtu nisiyemwona kuhusu kitu nisichokiona. Nikaamua nimwombe dalali vitu vidogo visivyo na gharama, vile ambavyo mwenye gari zima anavituma hapohapo na mwenye kuficha anaanza kuleta hadithi za chaji. Picha ya kibati cha chesisi. Picha ya injini boneti likiwa wazi. Kadi ya gari, mbele na nyuma. Na video ya kuwasha asubuhi likiwa la baridi, ikianzia switchi ikiwa imefunguliwa tu, ili niione taa ya cheki injini ikiwaka kwanza ndipo izime. Hila ile unaijua: wakishaitoa balbu, dashibodi inapendeza kuliko ya gari jipya.

Kibati kikaja: AZT241W, namba ya Caldina lenye 1AZ-FSE. Basi, nikasema, ni D4, tumeachana. Nikafungua picha ya injini kwa ajili ya kumalizia tu. Mwanaidi, niliikuza mpaka simu ikapata moto. Pampu ya presha haipo. Reli ya chuma haipo. Kifuniko hakina maandishi ya D-4. Pale ndani imekaa injini ya kawaida, naona kama 1AZ-FE, na upande wa betri kuna nyaya zimezungushiwa selotepu nyeusi ambayo si ya kiwandani, ingawa aliyezifunga ana mkono mzuri.

Nikampigia dalali. "Kaka, si uliniambia injini haijawahi kufunguliwa?"

"Dada yangu, haijafunguliwa kweli. Ya zamani ilitolewa nzima, ikawekwa hii."

Nilicheka mpaka nikatafuta mahali pa kukaa. Mtu kama huyo unamshitaki kwa lipi?

Sasa ndipo ugumu ulipo. Kama aliyebadilisha alifanya kazi safi, gari hili ni bora kuliko lilivyotoka kiwandani, maana ule ugonjwa wa sindano na pampu umeondoka. Bolti za hedi sijazisahau, familia ni ileile ya AZ, lakini angalau nusu ya mashaka yamepungua. Kama alifanya kazi ya kubahatisha, nanunua mzigo wa nyaya ambao hakuna fundi wa Songea atakayeufungua bila kunipa siku ya kurudi isiyofika. Na kuna karatasi. Kadi ina namba ya injini iliyotolewa. Hii iliyopo ilinunuliwa wapi? Shauri Moyo? Ina risiti? Au ilishuka usiku kutoka kwenye gari la mtu ambaye mpaka leo analitafuta? Siku trafiki akiamua kulinganisha namba, wa kujibu si dalali, ni mimi na trei zangu.

Jina kwenye kadi nalo si la muuzaji. Anasema alinunua kwa mtu na hakubadilisha umiliki "kwa ajili ya pilikapilika". Wengi wanafanya hivyo, lakini nimeona pia watu wanaoweka kadi dhamana ya mkopo, kisha wanakwenda kuripoti imepotea ili watoe nyingine. Nimemwambia nataka kadi halisi, na yule wa kwenye kadi awepo siku ya kusaini. Madeni ya faini za trafiki nimeyaangalia mwenyewe kwa namba ya gari, na kweli halidaiwi. Kwa hilo tangazo lilisema ukweli.

Video ya kwanza ilikuja saa nne, wakaiita ya asubuhi. Mshale wa joto tayari ulikuwa katikati. Nilimwandikia maneno machache tu: mshale umeshapanda. Nikategemea anune, aniambie mama usumbufu wako ununulie gari jipya. Hakununa. Kesho yake alfajiri akatuma nyingine, mshale uko chini kabisa, na nyuma unasikia adhana. Taa ya injini ikawaka, ikazima. Injini ikashika kwa mara moja, ikatikisika kidogo, ikatulia. Moshi mweupe mwepesi kwenye ekzosi, ukapotea. Wa bluu sikuuona. Ile video ya pili ndiyo iliyonifanya niendelee na mazungumzo. Mtu aliyeshikwa akarudia kazi bila kelele naweza kufanya naye biashara, ingawa simwamini.

Amedai advansi ya laki tatu "ili asije mwingine akalichukua". Nimekataa. Alichukue. Magari ya fedha namba C hayajaisha Dar es Salaam.

Basi nilipofikia ni hapa. Nalinunua bila kuliona, lakini si kwa milioni sita na nusu. Nimehesabu kama mtu ambaye injini hii itamfia mwaka wa kwanza na atanunua nyingine, nikaona mwisho wangu ni milioni tano. Kwa tano, hata likinigeukia, nitakuwa sijalipa zaidi ya mtu aliyenunua Probox iliyochoka. Mwenye gari aandikishe injini TRA kwa pesa yake kwanza, kadi isome namba iliyopo. Malipo ni siku ya kubadilisha jina, si kabla. Akikataa lolote katika hayo, nakodi Kirikuu mpaka mwakani na Baba Salma afurahi. Likipatikana, litaletwa na mpwa wangu, na nimeshamwambia mlima Kitonga apande polepole, AC imezimwa, jicho kwenye mshale. Kama hedi ina neno itasema palepale kabla ya Ilula, na afadhali iseme huko, ambako ni karibu zaidi kurudi kwa muuzaji, kuliko kwenye njia ya Peramiho.

Ninachohitaji kwako ni mtu. Yule fundi umeme aliyekuwa anakaa nyuma ya duka, mwembamba, asiyependa kuongea, bado yuko Gerezani? Namba yake niliyo nayo haipatikani. Nitamlipa aende Tegeta, na sitaki anisifie rangi wala siti. Afungue chini ya dashibodi aniambie kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, iliyopo ni ya injini hii iliyowekwa au wameiacha ile ya D4 wakaidanganya kwa nyaya. Na gia boksi inabadilisha vipi ikipata moto. Kama ni ya D4 wameidanganya, sitaki hata bei ya tano.

Nijibu kabla ya Ijumaa, dalali anapiga simu kila jioni na nimeishiwa visingizio.

Wako,
Zuhura