Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: watoto wa Naivasha bado wanangoja basi la kwenda Elsamere

Kwako Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka huku South Lake, kusini mwa ziwa Naivasha. Jina lako siliandiki wala la ofisi yako, wewe unajijua, na wazazi waliokupigia makofi siku ile ya mkutano ulipotuahidi basi wanakujua pia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma na ndiye nasimamia klabu ya mazingira. Nimeshakuletea barua tatu zenye muhuri wa shule na hakuna hata moja iliyojibiwa, ndio maana hii ya nne naiandika mbele ya watu.

Alhamisi iliyopita watoto 43 wa gredi ya 6 walifika shuleni kabla jua halijatoka vizuri, yunifomu zimepigwa pasi, chapati zimefungwa kwenye karatasi, wengine chai wametia kwenye chupa za soda, kwa sababu tuliambiwa basi litafika saa moja liwapeleke Elsamere, kituo cha kusomea mazingira kando ya ziwa. Saa moja ikapita, saa tatu ikapita. Nilipiga simu mara tisa, ya kumi ikashikwa na kijana mmoja akasema basi limepata shughuli nyingine, akakata. Watoto walikula chapati zao pale pale kwenye nyasi karibu na geti, na msichana mmoja akaniuliza, mwalimu, kwani Elsamere ni ya wazungu peke yao? Mheshimiwa, sijapata usingizi wa maana tangu siku hiyo.

Siku ile mkutanoni uliiita Elsamere "ile hoteli ya simba", basi naomba nikueleze ile nyumba ni nini.

Ni nyumba aliyokaa Joy Adamson tangu miaka ya 1960 ikielekea mwisho, pale kusini mwa ziwa chini ya migunga ile ya gome la manjano. Huyu ndiye aliyemlea Elsa, yule simba jike. Mwaka 1956 mume wake George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kumbe alikuwa na watoto watatu wachanga, wakalelewa kambini, wawili wakapelekwa zuu ya Rotterdam na Elsa akabaki, akafundishwa kuwinda mpaka akarudi porini Meru akazaa huko huko. Akafa 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe. Kitabu ambacho Joy aliandika kumhusu kilisomwa dunia nzima na pesa nyingi zake akaziweka kwenye uhifadhi. Hakuwa malaika, wengi waliomfanyia kazi walisema alikuwa mkali sana, na sisemi watoto wetu wamwabudu. Lakini alitaka nyumba yake ibaki kwa ajili ya uhifadhi, na ndivyo ilivyokuwa. Joy aliuawa kwenye hifadhi ya Shaba tarehe 3 Januari 1980, George naye akauawa kwenye hifadhi ya Kora Agosti 1989, na nyumba haikugawanywa viploti wala kuwekewa ukuta ikawa ya tajiri mmoja. Ikawa kituo cha kusomea mazingira, na wanafunzi wa shule wakaanza kupelekwa pale kujifunza kuhusu ziwa.

Mimi ni mmoja wao. Nilipelekwa nikiwa darasa la sita miaka ya 90, baba alikuwa anafanya kazi shamba la maua na hakuna mtu kwetu aliyewahi kukaa kando ya ziwa bila kuwa anatafuta samaki au kuni. Tukaonyeshwa filamu ya maisha ya Joy, tukaona picha alizochora kwa mkono wake, halafu tukatolewa nje na mbega walikuwa juu ya mti, weusi na mikia myeupe, wanatuangalia tu. Yule mwelekezi alituuliza swali moja ambalo sijasahau mpaka leo: ziwa hili halina mto unaotoka nje, mbona maji yake si ya chumvi kama ya ziwa jirani la Elementaita? Tukanyamaza wote. Akatueleza kwamba maji yanatoka kwa chini, yanapenya ardhini polepole yakibeba chumvi, na kwamba mengi yanayoingia yanaletwa na mto Malewa kutoka milima ya Aberdare, kwa hiyo anayekata miti kule juu anatugusa sisi huku chini. Siku hiyo ndiyo iliyonifanya mwalimu, nasema kweli kabisa.

Sasa niambie watoto wa leo wanalijuaje ziwa. Yule msichana aliyeniuliza swali walikuwa wanakaa mtaa wa Kihoto kando ya ziwa, maji yakaingia mpaka kitandani wakahama usiku. Mwingine mjomba wake aliuawa na kiboko. Kwao ziwa ni adui. Hawajui kwamba tangu 1995 limewekwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu ya maana duniani, hawajui mafunjo yaliyofyekwa ndiyo yalikuwa yanachuja matope, hawajui kwamba 2009 maji yalipungua mpaka watu wakaogopa litakauka na mwaka uliofuata samaki wakaelea wamekufa kwa kukosa hewa majini. Nawaeleza kwa chaki. Nachora mbega ubaoni, na mimi kuchora sijui.

Mheshimiwa, mwaka juzi nililipia matatu kwa mshahara wangu nikapeleka watoto 14, waliobaki wakalia. Mwaka jana nikakopa kwenye chama chetu cha akiba, hilo deni bado nalilipa mpaka leo na mke wangu amechoka kusikia neno klabu pale nyumbani. Mwaka huu sikukopa kwa sababu wewe ulisimama mbele yetu ukashika maikrofoni ukasema, hakuna mtoto wa shule ya umma anayezunguka ziwa hili atamaliza gredi ya 6 bila kufika Elsamere, basi ni la wananchi. Nimeyaandika kwenye daftari, na tarehe yake ninayo. Sijui limeenda wapi, wengine wanasema linabeba watu wa mikutano, wengine wanasema dereva hana mafuta. Kama ni mafuta sema, wazazi tutachanga. Kama ni mikutano pia sema, tupange siku nyingine.

Nilikuwa nimepanga nikuombe na darubini za kuangalia furukombe, yule tai anayevua samaki, na vitabu, na mtu aje kutueleza kuhusu alama za mpaka wa ziwa. Hayo nimeyaacha yote. Naomba basi. Siku moja tu, asubuhi mpaka saa tisa. Ni kama kilomita 20 hivi kutoka mjini, barabara ipo, na kule watu wa Elsamere walishatupangia na walitungoja siku hiyo hiyo ya Alhamisi.

Watoto nimewaambia tutajaribu tena tarehe utakayotupa wewe. Wameniuliza ni lini, nikasema nimemwandikia Mheshimiwa. Nambari yangu iko kwenye zile barua tatu, simu siizimi hata usiku.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa klabu ya mazingira, South Lake, Naivasha