Njia mpya za ndege Mombasa zisitegemee watalii pekee

Mhariri,

Kila zikitajwa safari mpya za moja kwa moja kutoka Ulaya au Ghuba hadi Uwanja wa Ndege wa Moi, wengi hudhani kikwazo ni kibali cha serikali tu. Kibali hufungua mlango, lakini anayelipia mafuta huhesabu viti.

Chukua ndege ya viti 180 inayotua mara 3 kwa wiki: ni viti 540 kila upande. Ikiwa haiepuki hasara mpaka ijae asilimia 75, lazima wapatikane abiria 405 wa kuja na 405 wa kuondoka, wiki baada ya wiki, hata Mei, masika yamechacha na Diani imepoa. Hapo ndipo njia nyingi hufia. Mahujaji wa Umra na wafanyakazi wa Ghuba husafiri nje ya msimu wa watalii, wahesabiwe nao.

Tena Mombasa iko karibu na usawa wa bahari. Hewa nzito huiwezesha ndege kupaa na mzigo mkubwa kuliko Nairobi, mita 1,600 juu. Embe za Kilifi zingeweza kujaza nafasi hiyo, mradi zisiachwe juani zikisubiri kupakiwa.

Ratiba hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na nafasi za kutua kwenye viwanja vyenye msongamano huombwa takriban miezi 5 kabla. Anayeanza mazungumzo Septemba kwa ajili ya Desemba amechelewa. Kaunti na wenye hoteli waanze Januari.

Mdau wa usafiri wa anga,
Mombasa