Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: tengeni fungu la raia

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,

Pokea salamu za heshima kutoka Kigoma Ujiji. Huku vita vya Kongo tunavijua kabla ya taarifa ya habari: boti za Kibirizi zinapunguza safari za Uvira na Baraka, chumvi ya Uvinza inarundikana, kisha watu wanashuka ufukweni na magodoro yao. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani kwetu, ilifunguliwa mwaka 1996. Aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ni mzazi, na bado yuko kwenye foleni ya mgao.

Ombi langu ni moja. Kila tunapopeleka wanajeshi nje, iwe kupitia SADC au Umoja wa Mataifa, bajeti ya operesheni iwe na fungu la kuhamishiwa kwa raia: mahakimu, polisi, wahandisi wa maji, walimu. Na waliongoze raia wenyewe, si kamanda.

Jeshi letu nalienzi. Mwaka 2013 JWTZ, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, waliingia Kongo katika brigedi ya Umoja wa Mataifa, na kufikia Novemba kundi la waasi la M23 lilikuwa limeshindwa. Desemba 2017 tulipokea majeneza 14 kutoka Semuliki, upande wa Beni. Ila ushindi ule wa 2013 ulikosa wa kuulea. Mpango wa kuwarudisha wapiganaji uraiani ulisuasua, wengi wakabaki makambini Uganda na Rwanda. Mwishoni mwa 2021 M23 ikaibuka tena. Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari Bukavu, na Machi SADC ikaamua kuondoa majeshi yake huko Kongo. Hili linaniuma sana.

Wamarekani walikutana na tatizo hili Iraq na Afghanistan. Wizara yao ya ulinzi ilikuwa na fedha tele, huku ya mambo ya nje, iliyopewa jukumu la ujenzi mpya, ikihangaika. Bunge lao likaweka kifungu cha 1207 katika sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2006, kikiruhusu kuhamisha hadi dola milioni 100 kwa mwaka kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Lebanon ilipata, Haiti ikapata, na Georgia baada ya vita vya 2008. Kasoro yake ni kwamba ruhusa ilikuwa ya muda, ikakoma mwaka 2010. Yetu isiwe ya kuombewa upya kila mara.

Kwa nini raia? Kisima kilichochimbwa na mwenye sare, waasi hukihesabu kuwa mali ya adui. Tena kikosi hubadilishwa, na aliyewajua wazee wa kijiji huondoka nacho.

Najua hatuna fedha za Marekani. Lakini Umoja wa Mataifa hulipa nchi fidia kwa kila mwanajeshi inayemtoa kulinda amani. Anzeni hapo, hata kwa sehemu ndogo, bila kugusa posho ya askari.

Utakaposoma bajeti ya wizara yako Dodoma, tunaomba utaje kiasi cha fungu hilo na wizara itakayolipokea. Lisipotajwa, sisi wa Kigoma tutawaomba wabunge wetu wasimame walidai.

Wako mtiifu,
Mfanyabiashara wa Kibirizi, Kigoma