Mdogo wangu, mama hawezi kupanda ngazi

Mdogo wangu mpendwa,

Picha uliyonitumia kutoka Doha nimeipata, ile ya nyumba ya ghorofa yenye nguzo nne za mviringo mbele, roshani ya vioo na paa la vigae vyekundu, na maneno uliyoandika chini yake nimeyasoma mara tatu: "Dada, nipigie hesabu ya vifaa, nataka hii isimame kwa mama kabla ya Krismasi ya mwakani." Sikukawia kukujibu kwa kupuuza. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia jambo ambalo kwa simu lisingesikika vizuri, na mwishowe nimeona niliandike hadharani, bila kulitaja jina lako, kwa sababu hapa dukani kwangu Tororo, mashariki mwa Uganda, haipiti wiki mbili bila kijana, au mzazi wa kijana aliyeko Uarabuni, kuingia na picha inayofanana na yako kwenye simu. Wote nimewauzia saruji huku nimenyamaza, na sasa zamu imefika kwa ndugu yangu wa tumbo moja, siwezi kunyamaza tena.

Hesabu uliyoiomba nimeipiga, nami nitaanza na hiyo, maana ndiyo kazi yangu. Tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara nchini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na malazi na chakula, na wewe mwenyewe uliniambia kwamba mshahara wako wa ulinzi hauzidi sana hapo. Ukizibadili riyali hizo unapata kama shilingi milioni moja za Uganda, yaani shilingi elfu thelathini na kitu kwa siku. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hapa kwangu nao unauzwa shilingi elfu thelathini na kitu. Kwa hiyo kila mfuko wa saruji ninaoubebesha kwenye pikipiki ni siku yako moja nzima ya kusimama getini juani, kabla hujala, hujanunua vocha, wala hujamtumia mama pesa za dawa.

Sasa chukua slabu moja tu ya hiyo ghorofa, ile inayokuwa dari ya chini na sakafu ya juu. Ikiwa ni mita 10 kwa 10 na unene wa sentimita 15, hizo ni mita za ujazo 15 za zege, na kila mita ya ujazo hula mifuko 6 hadi 7 ya saruji, hivyo utahitaji karibu mifuko 100. Miezi mitatu na zaidi ya kusimama juani itaingia katika slabu peke yake, na hapo sijataja nondo, kokoto, mchanga, mbao za kusetia, miti ya mikaratusi ya kuishikilia, wala vibarua. Slabu haimwagwi nusu leo na nusu ukipata mshahara mwingine. Inataka vifaa vyote viwe vimelala kiwanjani asubuhi ile fundi anapoanza, kisha inyweshewe maji na iachwe, kwa sababu zege hufikisha nguvu iliyokusudiwa baada ya siku kama 28. Nyumba ya chini haiko hivyo. Ukishainua kuta na kufunga lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, bati linapanda, na siku hiyohiyo mtu anaweza kuingiza kitanda na kulala pakavu. Ghorofa hula pesa za msingi, pesa za nguzo na pesa za slabu, ikamaliza zote kabla haijakupa hata kivuli cha kuweka mtungi wa maji, na ndiyo sababu ninaziona nyingi kutoka hapa hadi Malaba mpakani zimesimama bila paa, matofali yakinywa mvua mwaka baada ya mwaka.

Hayo sikuyasoma mahali, ndugu yangu. Yamenipata.

Shemeji yako nami tulianza ghorofa mwaka 2013. Walimu wenzake wawili walikuwa wamejenga, na kila tulipotoka kanisani mtu alituuliza sisi tunangoja nini. Kwanza tulijenga vyumba viwili vya nyuma, tukisema ni vya mfanyakazi na stoo, kisha shemeji yako akachukua mkopo wa mshahara, wa kukatwa kwa miaka mitano, tukachimba msingi wa nyumba kubwa na kusimamisha nguzo kumi na mbili. Nondo tulizinunua za kutosha, maana fundi alisema ghorofa haina mzaha. Mwaka wa pili wa makato, muhula wa pili, mpwa wako mkubwa alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilimkuta saa kumi alasiri amekaa juu ya lundo la kokoto mbele ya zile nguzo, sanduku lake la bati la shule liko miguuni, godoro limeviringwa na kufungwa kamba, anamtazama fundi akichanganya zege. Hakulia wala hakuniuliza kitu. Aliinuka, akabeba godoro lake, akaenda kuliweka katika chumba cha nyuma. Siku ile zege lilimwagwa hadi mwisho kwa sababu saruji ilikuwa imeshafunguliwa, na jioni nilimlipa fundi pesa ambazo zingetosha kumrudisha mtoto darasani.

Tunaishi katika vile vyumba viwili vya nyuma mpaka leo, watu watano. Nguzo bado zipo. Juu ya kila moja zimechomoza nondo nne, nyekundu kwa kutu, na kila mvua inaponyesha michirizi yenye rangi ya chai kavu hushuka kwenye zege. Chuma kikishika kutu huvimba, na kinapovimba hulipasua zege lililokikumbatia, hivyo hata leo nikipewa pesa fundi mwaminifu ataniambia nguzo hizo zibomolewe kwanza. Sijawahi kukueleza habari hii kwa urefu. Ulikuwa kidato cha tatu wakati huo, na tulikuwa tunaona aibu.

Najua picha ile ilikotoka moyoni mwako. Nilikuwepo siku ya kumzika baba, na mwanamume yule aliyesimama karibu na turubai akiwa na sahani mkononi nilimsikia kama ulivyomsikia wewe, alipomwambia mwenzake kwamba mtu amefanya kazi reli miaka yote ile na kaburi lake linatazamana na nyumba ya vyumba viwili. Nilikuona ulivyouinamisha uso. Miezi mitano baadaye ulikuwa umeshapata pasipoti, na tangu siku hiyo sijawahi kukusikia ukizungumzia nyumba bila sauti yako kubadilika. Hayo maneno yaliniumiza mimi pia, na sitakuambia kwamba hayakuwa na uzito, ila yule bwana alikuwa hamjui mwenye nyumba aliyoidharau.

Baba alianza kazi wakati reli ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akaendelea upande wa Uganda. Sisi tumezaliwa katika nyumba za reli, ambako Mteso, Mjaluo, Mganda na Mpadhola walilea watoto wao ukuta kwa ukuta na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya uani. Wenzake wengi hawakujenga kwa kuwa nyumba ya kazi ilikuwepo, na wachache waliokuwa na pesa walingoja zitoshe nyumba kubwa. Yeye kila mwezi alinunua kitu: mwezi huu bati mbili, mwezi ujao kilo tatu za misumari, mwingine fremu ya dirisha, akivihifadhi chini ya kitanda chao na kwa mjomba. Mama alipomuuliza kwa nini vyumba viwili tu, alisema kila mtu hujikuna pale mkono wake unapofika. Siku barua ya kustaafishwa ilipomfikia na nyumba ya kazi ikatakiwa, jirani zetu walitawanyika kutafuta vyumba vya kupanga, wengine wakiwa na watoto sita. Sisi tulipakia vitu kwenye mkokoteni na jioni tukalala kwetu. Ulikuwa mchanga mgongoni mwa mama, huwezi kukumbuka, lakini mimi nakumbuka harufu ya sakafu mpya, na nakumbuka baba alivyoufunga mlango kwa ufunguo, akaufungua, akaufunga tena.

Hiyo ndiyo nyumba unayotaka niibomoe.

Kuna jambo jingine ambalo picha haikukuonyesha. Mama ana miaka sabini na kitu na magoti yamemwishia. Ngazi mbili za zahanati anazipanda kwa kushikwa mkono. Ukimjengea ghorofa atalala chini, na juu hatalala mtu, kwa sababu wewe uko Doha, mimi niko mjini, kaka yuko Lira na mdogo wetu wa mwisho ameolewa. Vyumba vinne vya juu vitafagiliwa na msichana wa kazi mara moja kwa mwezi na kufunguliwa wiki ya Krismasi, magari ya Kampala yanapopita. Unalijua boma la rafiki yako uliyesoma naye, lile linalosifiwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp? Madirisha ya juu yamezibwa kwa bati kuukuu, na wazazi wake wanaishi katika jiko la nyuma kwa kuwa chini hakujapigwa plasta na usiku popo huingia. Simlaumu. Na yeye alisimama juani kwa ajili ya wazazi wake kama wewe.

Tena pale si pako peke yako, na hili nalisema bila kuzunguka. Ardhi ya baba ni ya kimila, haikuwahi kuandikishwa, na baba hakuacha wosia. Sheria ya urithi ilivyorekebishwa mwaka 2022 inailinda nyumba ya makazi kwa ajili ya mjane na watoto, na sehemu kubwa ya mali nyingine huwaendea watoto wote, wa kike na wa kiume. Ukizika riyali zako za miaka sita katika kiwanja ambacho ndugu wanne wana haki ndani yake, siku mama atakapotutoka tutakuwa tunagawana jasho lako au tunakunyima, na lolote kati ya hayo mawili litatutenganisha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inaturuhusu kuomba hati ya umiliki wa kimila, tukianzia kwa kamati ya ardhi ya eneo, majirani wakija kuonyesha mipaka. Wazee wanaoijua mipaka hiyo wamebaki wawili. Ningependa pesa yako ya kwanza iende huko, na ikiwa unataka mahali pako mwenyewe pa kujenga, tukutafutie kiwanja chenye karatasi kwa jina lako, hata kikiwa kidogo, uanze na vyumba viwili kwa ramani inayoruhusu kuongeza kingine ubavuni utakapopata uwezo.

Kwa mama nimekaa naye Jumapili iliyopita, nikamuuliza anataka nini, kwa kuwa niligundua kwamba katika mazungumzo yetu yote hakuna aliyemuuliza. Hakutaja nguzo. Anataka choo kilichoungana na nyumba, ili usiku asitoke na tochi kwenda uani wakati wa mvua. Anataka bati za upande wa magharibi zibadilishwe, maana zinavuja juu ya kitanda, na tanki la kukinga maji ya mvua kwa sababu mtoto wa kumchotea hayupo tena. Akanyamaza kidogo, kisha akasema angependa na kibaraza kipana chenye ukuta mfupi wa kuegemea, aweze kukaa jioni.

Nimevipigia hesabu vyote. Bati nimeweka geji 28, ile nene, si ile 32 nyembamba ambayo watu hununua kwa sababu ni rahisi halafu upepo wa Machi unaichana, na saruji yote pamoja na shimo la choo haitafika mifuko 45. Faida yangu nimeitoa. Utalipia bei niliyonunulia. Fundi ni yule mzee aliyemsaidia baba kuweka fremu za madirisha, na yuko tayari kuanza wiki ya pili ya Februari ili bati ziwe zimepanda kabla mvua za masika hazijaingia. Kwa hiyo nakuomba unijibu mwezi huu. Tayari mama ameshamwonyesha fundi kibaraza kikae upande gani: upande wa reli, anakoweza kuiona treni ya mizigo inapotoka Malaba.

Dada yako.